Kifungo

Vadas Etelka alishona mashati miaka arobaini na moja
katika kiwanda cha Szeged, mtaa wa nyuma ya reli.
Asubuhi moja ya Novemba mshipa ukapasuka kichwani,
maneno yakamvuja kama mtama kwenye gunia lililotoboka,
likasalia moja, limenasa kwenye mshono:
gomb.

Kwa Kihungari ndiyo kifungo, kile cha shati.
Kwetu neno hilo lina chumba cha pili,
chenye nondo na mlinzi,
nami siwezi kulisimulia hili bila kupita humo.

Emőke, mtaalamu wa usemi, alimpangia kadi mezani.
Kikombe. Gomb.
Mbwa. Gomb.
Picha ya mwanawe, Lőrinc, ndani ya joho la kuhitimu.
Aliitazama sana, machozi yakamlengalenga. Gomb.
Emőke akaandika sifuri tatu kwenye fomu.

Lőrinc hulipwa mshahara kwa jambo hili hili:
kueleza jinsi neno linavyokipata kitu chake.
Jumanne saa nne, ukumbi wa ghorofa ya pili,
huandika JINA kushoto mwa ubao,
huchora kiti kulia,
kisha mshale.
"Siku moja mtu alinyoosha kidole akasema: hiki ni kiti.
Sisi wengine tumepokezana tu,
kama ndoo za maji penye nyumba inayoungua."
Wanafunzi huandika: ndoo.
Hakuna aliyewahi kuuliza
kidole kile kilionyesha kiti, au mguu wa kiti, au rangi yake,
au Jumanne yenyewe.

Nyumbani hapakuwa na mshale.
Palikuwa na gomb ya kushuka, nzito: vuta pazia.
Gomb ya haraka, mbilimbili: supu haina chumvi.
Gomb ya puani: simu inalia, usiipokee, ni shangazi yako.
Na ile ndefu ya usiku, isiyotaka kitu,
ila mtu aitike kutoka ng'ambo ya ukuta.
Aliitika: Gomb, mama. Gomb.
Ilipofika Februari nyumba ile ilikuwa na lugha kamili,
kamusi yake neno moja, wenyeji wake wawili,
nao walikwisha kugombana kwayo na kupatana kwayo.

Basi siku hiyo yuko mlangoni, amechelewa, mkoba begani.
Mama akaita: Gomb.
Akavuta pazia.
Gomb!
Akaleta chumvi, akaleta maji, akaleta vidonge vya presha,
akafungua dirisha, baridi ikaingia, akalifunga.
Mama akanyoosha kidole cha mkono uliobaki mzima,
kikatetemeka, kikaelekea kifua cha mwanawe.
Naye akaelewa, au alidhani: moyo.
"Nami nakupenda, mama."
Mama akafumba macho
kama mwalimu aliyechoka na darasa.

Katikati ya daraja, juu ya Tisza iliyoganda kingoni,
kifungo cha pili cha koti lake kikakata uzi,
kikadunda mara moja kwenye chuma,
kikaenda majini.

Alisimama. Magari yakampita.
Miezi mitatu neno lile lilikuwa pazia, na chumvi, na shangazi.
Leo lilikuwa limerudi kwao,
kwa kitu chake cha siku zote, likabisha hodi,
na hakuna aliyelifungulia.

Hakufundisha siku ile.
Alimkuta mama na mkebe wa biskuti magotini,
anachambua: vya mfupa, vya shaba, kimoja cha koti la marehemu.
Akachagua cha kahawia, kisichofanana na wenzake.
Mwana akashika sindano, mama akashika kitambaa,
watu wawili, mikono mitatu.
Sindano ikamchoma. Mama akasema neno lake,
polepole, kwa sauti ambayo haikuwamo bado katika kamusi.

Sikuwapo, siwezi kuwafasiria.
Najua tu kwamba Lőrinc alikitia kidole kinywani,
na kwa muda huo
hakikuonyesha kitu.